Vikwembe vya Java kwenye ukuta wa mbao

Mama yangu mzazi alikuwa na chungu kimoja ambacho hakikupikiwa chakula hata siku moja. Kilikuwa cha nta. Wakati ule tulikaa Kibati, juu kidogo ya barabara, na baba alikuwa ametundika mizinga yake ya nyuki upande wa volkano, pale ambapo mawe ya zamani yamekwisha kuoza na kushika miti. Asali ikikamuliwa, watu wengine walitupa makapi. Mama hapana. Aliyapika polepole na maji, akayachuja, na asubuhi yake ungekuta juu ya maji kumelala kitu kama mukate wa njano, kigumu, kinachonukia kama kanisa kabla watu hawajaingia.

Nta ile aliziba nayo vibuyu vya maziwa vilivyopasuka. Wafugaji walimletea kutoka mbali. Siku moja alikuja bwana mumoja na kibuyu chenye ufa murefu, akasema, «Mama, uzibe haraka, ng'ombe inangoja.» Mama hakuinua kichwa. «Ilikungoja mpaka ukaamka,» akamwambia, «itaweza kungoja na nta ipate moto.» Yule bwana akakaa chini kama mutoto. Na kulikuwa na mbuzi wetu mumoja, mwenye pembe moja, aliyelamba nta ingali laini, meno yakashikana mpaka jioni. Baba alisema ndiyo siku pekee mbuzi yule alimwacha apumzike.

Najua mutu atasema, muzee huyu ametuahidi vikwembe, sasa anatupa nyuki. Vikwembe vinakuja. Shule mimi niliiacha ningali mudogo, hakuna aliyenifundisha kupanga maneno kwenye mustari. Ninayapanga namna yanavyofika.

Basi nikawa mutu mukubwa, nikashuka Goma, nikapata kazi ya kuvunja mawe ya volkano kwa ajili ya misingi ya nyumba. Ni kazi ya mikono na ya macho, maana jiwe lile linaruka. Nta niliisahau kabisa. Nikaoa. Bibi yangu alikuwa mutu wa Butembo, na watu wa Butembo mukiwajua munajua: hawawezi kukaa. Mimi nilivunja mawe mahali pamoja, yeye alikuwa barabarani. Kwanza alileta maharagwe na unga Goma. Halafu wafanyabiashara wa kwao wakaanza kuvuka bahari, wakaenda mpaka Jakarta kutafuta bidhaa, na yeye akaungana nao. Majirani wa Mapendo, mutaa wetu wa Goma, waliniuliza, «Muzee, unaacha bibi yako aende Asia?» Kama vile mimi ndiye niliyekuwa na ufunguo wa ndege. Bibi yangu alisema anakwenda, akaenda.

Alileta vyombo vya plastiki, sandali, nguo za mashine, kila kitu cha kuuza. Lakini safari ya kwanza ile, alipofungua begi lake kwenye kitanda, harufu ikatoka ikanifikia. Nikasimama. Ilikuwa chungu cha mama. Ilikuwa Kibati. Nikamuuliza, «Umebeba mishumaa?» Akacheka, akatoa kikwembe kimoja kilichokunjwa ndani ya karatasi. Kikwembe ni nguo ile mama zetu wanajifunga, kila mutu hapa anajua, lakini hiki hakikuwa kama vile vya soko letu. Kilikuwa cha rangi ya udongo uliokaa kwenye moshi, na mistari imelala upande kama visu vinavyofuatana. Nikakipeleka puani. Kweli, nta.

Akanieleza. Mufanyabiashara mumoja wa kule, kijana aliyemuuzia sandali, alimpeleka kwa mama yake, mbali, kwa treni, muji unaoitwa Solo. Huko akakuta wamama wamekaa kwenye vibao vifupi wakizunguka karai la nta ya moto. Kila mumoja ana kikopo kidogo cha shaba chenye mudomo mwembamba kama wa mbu. Anachota nta, anapuliza mudomo ule usizibe, halafu anachora kwenye nguo nyeupe. Pale nta inapopita, rangi haitaingia. Anamaliza upande mumoja, anageuza, anafuata mistari ile ile upande wa nyuma. Halafu rangi, halafu nta ingine, halafu rangi ingine, na mwisho nguo inachemshwa nta itoke. Wanaita batiki. «Hii moja,» bibi yangu akasema, «yule mama aliianza mvua ikinyesha, akaimaliza jua limekausha mashamba.» Walizungumza namna gani, sijui. Alisema kwa mikono, na kwa Kiingereza kidogo cha sokoni.

Nikamwambia, «Vaa, nikuone.» Akakataa. Yule mama wa Solo alimwambia kwamba visu vile vilivyolala, zamani vilivaliwa na watu wa nyumba ya mufalme tu. «Sasa mimi nikivae niende kubishana bei ya maharagwe?» Nikasema hakuna mufalme wa Java atakayekuja Goma kukuona. Akasema, «Siyo yeye. Ni yule mama. Nitakalia kazi yake?»

Tangu hapo kila safari alileta kimoja, wala hakuvaa hata kimoja, wala hakuuza. Kuna chenye mawingu ya bluu yanayoingiana, yanakolea yanapauka, kama moshi wa Nyiragongo, volkano yetu, asubuhi ungekuwa na rangi. Kuna chenye mayai manne manne yaliyopangwa kama tunda lililopasuliwa. Kuna chenye ndege na maua, na hicho alisema ni cha pwani. Kile mimi nakipenda ni cha mabawa: mabawa mawili yamefunguka, ndege mwenyewe hayupo. Nilimuuliza ndege amekwenda wapi. Akasema amekwenda kuvunja mawe.

Alivitia ndani ya sanduku la chuma. Volkano ilipotoka na watu wakakimbia kuelekea Sake, mwingine alibeba godoro, mwingine mashine ya kushonea, mwingine kuku. Bibi yangu alikodi chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao, akalaza juu yake sanduku, na mimi nikasukuma. Watu walidhani tumebeba maiti, wakatupisha njia. Tulifika mbele ya wengi.

Alipougua, ugonjwa wa mapafu uliomaliza nguvu zake, alisema neno moja mara nyingi. «Sijavitandaza vyote pamoja hata siku moja. Nilikuwa nangoja tupate nyumba ya ukuta mwema.» Nyumba yetu ni ya mbao, kama nyumba nyingi za Mapendo, imekaa juu ya mawe. Nikamwambia tutavitandaza ukipona. Akasema, «Visikatwe.» Basi. Akafa.

Hapa lazima niseme juu ya desturi, mupate kuielewa. Mwanamuke akifa, siku ya kuondoa musiba vikwembe vyake vinarudi kwa ndugu zake. Hiyo ni haki, sikuipinga. Na kwa jamaa ya bibi yangu, sisemi kwa watu wote wa Butembo, nasema kwa jamaa yake, kikwembe cha marehemu hakichukuliwi kimya. Mukubwa wao anakinyanyua mbele ya watu, anasema marehemu alikivaa wapi, siku gani ya furaha au ya uchungu, ndipo kinapewa mutu. Siku ile rafiki zake wote wa soko, wale wamama aliokuwa anauza nao, walikuwepo, na vile vikwembe vya kawaida viligawiwa vyote. «Hiki alikivaa ndoa ya dada yetu wa tatu, mvua ikampiga.» «Hiki alikuwa nacho tulipomuzika baba.» Ilikuwa nzuri. Tulilia na tulicheka. Ukisikiliza unaona ni maisha yake yanapita, kimoja kimoja.

Sanduku la Jakarta halikuwepo. Lilikuwa Keshero, mutaa mwingine wa Goma, kwa binti yetu, kwa sababu bati letu lilikuwa linavuja. Hakuna aliyeliuliza, na mimi sikulitaja.

Sasa hivi karibuni shemeji yangu, kaka mukubwa wa bibi yangu, akapiga simu kutoka Butembo.

«Shemeji, nasikia kuna sanduku.»

«Liko.»

«Halikugawiwa.»

«Kweli, halikugawiwa.»

«Jumamosi nitakuwa Goma. Liwe tayari, nitalichukua tu, sitachelewa. Tutagawa huku. Dada ni wengi, na mabinti zao, kwa hiyo tutakata. Kila mumoja apate kipande, hakuna atakayenuna.»

«Mutakata?»

«Shemeji, kikwembe kinakatwa. Tangu lini kikwembe hakikatwi?»

Si mutu mubaya. Aliahidi dada zake, na alitaka kutimiza. Lakini mimi usiku ule nilipolala nilisikia makasi. Kulipopambazuka nilikuwa nimekata shauri langu mimi pia. Nilifikiri hivi: mutu anaweza kukata nguo iliyokunjwa ndani ya sanduku. Avione kwanza vimesimama vyote. Akiisha kuviona vizima, akaweza kukata, Mungu amusaidie.

Binti yangu alipoleta sanduku aliniambia, «Papa, uwape. Mama amekwisha kwenda, utapigania nguo?»

«Sipigani. Natundika.»

«Kwenye mbao hizi?»

«Ndizo tulizo nazo.»

Akatikisa kichwa, akarudi Keshero. Hakukubali, lakini aliniachia chakula, sombe, yale majani ya muhogo ya kutwanga, na mikate ya muhogo, ya kumupokea mujomba wake.

Jumamosi asubuhi nilianza. Nilitoa viti vyote nje, nikavipanga uani. Nikatoa meza, nikatoa kabati, mpaka saloni, chumba cha kupokea wageni, ikabaki tupu. Nikafagia ule muchanga mweusi wa volkano unaoingia hata ukifunga mulango. Nikapiga misumari kwenye pembe za juu, nikavuta kamba ya nailoni kuzunguka kuta zote, na vikwembe nikaviangusha juu ya kamba, nisije nikavitoboa. Magoti yangu hayapendi kiti cha kupandia, lakini siku ile sikuyauliza. Mawingu nikayaweka kwenye ukuta unaotazama mulango. Visu upande wa kulia, mayai upande wa kushoto, mabawa katikati. Nilipomaliza, ubao hata mumoja hauonekani. Nikanawa, nikavaa koti langu jeusi la kwenda misa, nikafungua mulango wazi mwanga uingie.

Sasa mutu wa Goma akisoma hapa amekwisha kujua nimekosea nini. Mimi peke yangu ndiye sikujua.

Jirani yangu, mama mumoja muzee anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, alikuwa anapita na beseni lake. Akaona viti vimetoka nje vimepangwa. Akachungulia ndani, akaona kuta zimefunikwa vikwembe kuzunguka, kama tunavyofunika chumba ambamo maiti imelazwa. Akaweka beseni chini, akashika kichwa kwa mikono miwili, akapiga ukelele.

Mapendo ukelele haupigwi mara mbili. Mimi nilikuwa nyuma natafuta maji ya kunywa, nasikia kilio kwetu, nikafikiri, maskini, nani amekufa? Nilipozunguka nyumba, uwanja umekwisha kujaa wamama, wengine wamekaa chini, mumoja ameleta mufuko wa makala ya kuwasha moto, mwingine sukari, kama inavyotakiwa kilioni. Mama wa sambaza ananitazama. Sauti ikamukatikia katikati.

«Muzee. Kumbe siyo weye?»

«Siyo mimi.»

«Basi ni nani? Ni binti?»

«Hapana mutu amekufa.»

«Hapana mutu namna gani, na ukuta umevaa?»

Nikawaeleza. Ni vikwembe vya bibi yangu, nimevitandaza tu, shemeji aje avione. Halafu mama mumoja mwenye mutoto mugongoni akasema, «Mimi nimeacha mafuta kwenye moto.»

«Na machozi yangu?» mwingine akauliza. «Nimelia vizuri kabisa. Nani atanirudishia?»

«Uyaweke, muzee atayahitaji. Koti amekwisha kuvaa.»

Wakanicheka mpaka nikakaa. Lakini mutu aliyeketi kilioni hasimami akaondoka hivi hivi, ni vibaya, na makala haibebwi kurudi nyumbani. Wakaanza kuingia ndani kutazama. Wakaingia wawili wawili, na kule ndani sauti zikapungua. Mama wa sambaza akashika pembe ya kile cha mayai, akageuza, akatazama nyuma, akageuza tena. «Haina nyuma,» akasema. «Pande zote ni mbele.» Akakaa chini ya ukuta, akanyosha miguu. «Tuliuza pamoja miaka yote ile. Hakunionyesha hata kimoja.» Sasa akalia tena, na hii haikuwa ya makosa. Wengine wakamufuata. Ikawa kilio kweli, cha bibi yangu, mara ya pili.

Ndipo pikipiki ikasimama kwenye njia. Shemeji akashuka na begi kubwa la wafanyabiashara, lile la mistari, tupu, limekunjwa kwapani. Akasikia kilio. Akaona viti, makala, wamama. Akavua kofia. Akaja ameinamisha kichwa, akapita kati ya watu akisema pole, pole, akaingia saloni, na mimi ndiye niliyemunyoshea mukono.

Alirudi hatua nyuma akakanyaga mutu.

«Shemeji! Nilidhani nimekuja kukuzika.»

«Bado. Karibu, kaa.»

Nikamueleza na yeye. Hakucheka. Alitazama kuta, akazunguka polepole na kofia mukononi. Mbele ya mawingu alisimama sana. Nilimuona uso, ulikuwa uso wa dada yake kabisa, pale kati ya macho. Nikafikiri imekwisha, ameona. Lakini akajikohoza, akafungua begi lake.

«Ni vizuri,» akasema. «Dada alikuwa na jicho. Sasa tuvishushe, pikipiki inangoja.»

Nikasema, «Mimi sishushi.»

«Shemeji, tusianze maneno mbele ya watu.»

«Sina maneno. Ni vya kwenu, sikatai. Lakini mimi nimevipandisha, sitavishusha. Mukubwa ni weye. Anza.»

Hapo mama wa sambaza akajifuta uso na pembe ya kikwembe chake, akawaambia wenzake, «Munyamaze, wanagawa.» Hakuwa na hila. Siku ile ya kuondoa musiba alikuwepo, alijua inavyofanywa. Wamama wakajipanga, wakakunja miguu, mimi nikakaa chini kati yao, waliokuwa nje wakaja kusimama mulangoni. Watu wamekwisha kukaa, makala ipo, mukubwa wa jamaa amesimama. Ilikuwa ugawaji kamili, na hakuna aliyeuita.

Shemeji akawatazama. Alielewa kabla yangu. Alikuwa amekuja kuchukua sanduku mikononi mwa muzee mumoja, haraka, na sasa ana ukumbi. Akanyosha mukono, akavuta kile cha ndege na maua kutoka kwenye kamba, akakikunja mara moja kwenye mukono wake. Tukangoja.

«Hiki,» akasema. Akakitazama. «Hiki dada yetu alikivaa… ubatizo. Ubatizo wa binti yake, hapa Goma.»

Mama wa sambaza akasema taratibu, kama mutu anayemukumbusha padri ukurasa, «Papa, ubatizo ule alivaa ile ya kijani yenye samaki. Nilikuwa nimekaa nyuma yake. Umeipa dada yako mudogo.»

«Basi ni wakati mwingine.»

«Wakati gani?»

Hakumudhihaki. Aliuliza kwa sababu alitaka kusikia. Wote walitaka, nilimuona hata yule wa mafuta kwenye moto amesogea mbele. Walikuwa wanangoja wapewe siku moja ya rafiki yao ambayo hawakuijua.

Shemeji akafungua mudomo. Nilijua hakuna kitakachotoka. Hata mimi nisingeweza. Nililala naye miaka yote, nilisukuma sanduku lile mpaka njia ya Sake, na nguo ile sijaiona mwilini mwake. Ningeweza kumusaidia, kusema ndiyo, alikivaa siku fulani, na kikwembe kingekwenda, na cha pili kingefuata. Sikumusaidia.

Mutoto mumoja mugongoni akalia, akatulizwa. Mwisho shemeji akakikunja kile cha ndege na maua vizuri, pembe kwa pembe, kama anavyokunja mutu anayejua nguo, akatafuta mahali pa kukiweka, kiti hakuna, vyote viko nje. Akaniwekea mapajani.

«Nakuja,» akasema.

«Chakula kiko tayari,» nikamwambia. «Binti amekupikia sombe.»

«Nakuja sasa hivi. Niseme na yule wa pikipiki.»

Akavaa kofia. Wamama wakamupisha mulangoni. Begi lake la mistari lilibaki limefunguka katikati ya saloni, mutu akalisogeza kwa muguu. Tulisikia anasema kitu na dereva, pikipiki ikawaka, tukafikiri anaisogeza kwenye kivuli. Ikakwenda, ikapita kona ya duka la mikate, ikateremka. Tulimungoja mpaka sombe ikapoa, wamama wakala, makala ikaisha. Hakurudi siku ile, wala siku ingine yoyote mpaka leo.